Jinsi ya kuwapelekea wazee wa makazini vitu vya kujitunza: mwongozo kwa vikundi vya Dar

Kila Oktoba 1 inapokaribia, Siku ya Wazee Duniani, napata maswali yaleyale. "Dada, tumechangishana kwenye kikundi, tunataka kwenda kuwaona wazee. Tununue nini?" Wengine huuliza wakiwa wameshanunua: katoni za soda, mifuko ya sukari, ndala dazeni nne za saizi moja. Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayeanza, ukiwa na kikundi cha kazini, cha jumuiya, cha msikitini, au wewe na dada zako tu.

Naongelea vitu vya mwilini: sabuni, mafuta, mswaki, nguo za ndani, kanga, msuli, ndala, pamoja na vile vidogo vya kumfurahisha mtu, kama redio au kioo. Chakula ni habari nyingine, sitakigusa sana. Kwa Dar, makazi ya serikali ambayo wengi huyakimbilia ni ya Nunge, Kigamboni, lakini hatua ni hizi hizi hata ukienda kwenye nyumba ya wazee ya taasisi ya dini au ya mtu binafsi.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Watu wanne hadi sita. Ishirini ni wengi mno chumbani kwa mgonjwa.
- Wiki tatu, kuanzia ziara ya kwanza mpaka siku ya kugawa.
- Daftari moja, na mtu mmoja tu wa kuliandika.
- Futi ya fundi cherehani na karatasi ngumu za kuchorea nyayo.
- Maka peni ya wino usiotoka kwa maji, sindano na uzi.
- Fundi cherehani wa mtaani kwenu atakayekubali kushona mifuko midogo ya kitambaa.
- Mtunza fedha anayetunza risiti. Michango ya simu ipite namba moja, na kila shilingi isomwe kwenye kundi lenu.

Kiwango cha pesa sikutajii, kwa sababu kinategemea mnahudumia wangapi. Ila kama mlichonacho kinatosha wazee kumi vizuri, msikigawe kwa hamsini kikawa kipande cha sabuni kila mmoja. Mwombeni mfawidhi, yaani msimamizi wa makazi, awapatie bweni moja, mlihudumie hilo.

Hatua

1. Mwone mfawidhi kwanza.

Kila makazi yana msimamizi. Kwa ya serikali anaitwa afisa mfawidhi. Piga simu au fika na barua fupi: ninyi ni nani, mko wangapi, mnataka kusaidia nini, lini. Muulize kama ruhusa yake inatosha au barua ipite kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Muulize pia tarehe ambazo wageni wengine wanakuja. Sikukuu za Idi, Krismasi, Pasaka na hiyo Oktoba 1 watu hujaa. Sabuni aliyopewa mzee Krismasi haifiki Februari. Kama mnaweza kuchagua, chagueni mwezi ambao hakuna mtu.

2. Nenda mikono mitupu.

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na makosa karibu yote yanaanzia hapa. Ziara ya kwanza wende wawili au watatu, bila zawadi, mkasikilize tu. Kama mnakwenda Kigamboni kutoka mjini, pantoni ya Magogoni asubuhi ina foleni. Wenye gari wanaweza kupita Daraja la Nyerere. Fikeni saa nne hivi, wazee wakiwa wameshaoga na kunywa chai.

Piga hodi mlangoni kwa kila chumba hata kama mlango uko wazi. Pale ni nyumbani kwake. Toa shikamoo, subiri marahaba, ndipo useme jina lako. Kaa kitini au chuchumaa, macho yenu yalingane. Usimsemee mhudumu juu ya kichwa cha mzee ("huyu anaumwa nini?"), na neno "wasiojiweza" liache nje ya geti. Muulize anapenda kuitwaje. Wapo wanaopenda bibi, wapo wanaopenda mama fulani kwa jina la mtoto wa kwanza, na wapo ambao mtoto huyo alishafariki, basi jina lile linamchoma.

Usimuulize "unahitaji nini?" Mzee mwenye adabu atakujibu, "Chochote tu mwanangu, Mungu awabariki," na utaondoka hujui kitu. Uliza siku yake inavyokwenda. Asubuhi unaogea nini? Sabuni unaishikaje na vidole hivyo? Ndala zinakubana? Usiku unajifunika nini? Kucha nani anakukata? Zamani ulikuwa unapaka mafuta gani? Kwa maswali haya bibi mmoja alituambia sabuni anayo, anachotamani ni kioo cha kushika mkononi, kwa sababu muda mrefu hajajiona uso. Babu wa kitanda cha pili alikuwa na redio nzima, nzuri, imekaa kimya miezi kwa kukosa betri. Hivyo vitu viwili vilikuwa vya bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha yetu, na ndivyo vilivyopokewa kwa furaha kubwa kuliko vyote.

Sera ya nchi yetu inamtambua mzee kuanzia miaka 60, lakini humo ndani utamkuta wa miaka 62 anayejifulia mwenyewe na wa 90 asiyenyanyuka kitandani. Hawawezi kupewa kifurushi kimoja.

Ukimaliza na wazee, zungumza na muuguzi au mhudumu. Yeye atakuambia nani ana kisukari, nani ana presha, nani alipata kiharusi, nani anatumia pampasi na ngapi zinamtosha kwa siku. Hayo andika kwa kifupi na daftari lisizunguke.

3. Jaza daftari, mtu kwa mtu.

Jina analopenda kuitwa, chumba na kitanda, saizi ya mguu, kiuno na nyonga, vitu viwili au vitatu anavyohitaji, kitu kimoja anachokipenda, na cha kuepuka. Mguu uchore kwenye karatasi, mzee akiwa amekanyaga. Miguu ya wazee mara nyingi imevimba au vidole vimepinda, na namba ya kiatu anayoikumbuka ni ya miaka ishirini iliyopita.

4. Nunua kwa daftari.

Kariakoo kwa bei ya jumla, au soko lenu la karibu kama vitu ni vichache. Nitakwenda kitu kwa kitu, maana maswali ndipo yalipo.

*Sabuni.* Ya kuogea isiwe na manukato makali wala dawa kali. Ngozi ya uzeeni ni nyembamba na hukauka upesi. Kipande kikubwa kinateleza kwenye mkono wenye baridi yabisi, hivyo kikate katikati. Dodoki laini au kitambaa cha kuogea ni bora kuliko brashi. Kwa kufulia, mche wa sabuni ukatwe vipande ni bora kwa anayefua mwenyewe. Ya unga mpe mhudumu wa dobi.

*Mafuta.* Mafuta ya mgando au ya nazi yanatosha, kopo dogo lenye mfuniko mpana unaofunguka kirahisi. Jaribu kuufungua kwa mkono mmoja ukiwa dukani. Ukishindwa wewe, yeye atashindwa zaidi. Mwambie na mhudumu kwamba nyayo na katikati ya vidole zisipakwe: nyayo zenye mafuta kwenye sakafu ya saruji humwangusha mtu, na nyonga ikivunjika uzeeni si jambo dogo.

*Mswaki.* Wenye nywele laini. Kama vidole havikunjiki, zungushia mpini kipande cha kitambaa na mpira uwe mnene. Asiye na meno naye anahitaji kitambaa laini cha pamba cha kusafishia fizi. Mwenye meno ya bandia mpe kikopo chenye mfuniko cha kuyalaza usiku.

*Wembe na kikata kucha.* Kila mtu wake, wenye jina lake. Msilete mashine moja ya kuzungusha bweni zima. Damu kidogo tu inatosha kupitisha homa ya ini au VVU.

*Kanga.* Hapa nitakaa kidogo. Chagua pamba tupu, ile nyepesi inayonyonya jasho. Kisha soma jina la kanga, tena soma kwa jicho la yule atakayeivaa. Kanga za mafumbo ya wake wenza na majirani si za kumpelekea mtu anayelala bweni lenye vitanda ishirini; kesho yake mwenzake atadhani anasutwa. Na ile ya "Nani kama mama" ambayo kila mtu huikimbilia, jiulize: bibi huyu watoto wake wanakuja kumwona? Kama hawaji, utakuwa umempa uchungu wa kujifunga kiunoni kila asubuhi. Chukua za dua na za shukrani, au za maua yenye maneno mapole. Doti ni kanga mbili zilizoungana, na bibi hawezi kukata na kupinda mwenyewe, basi fundi amalize kazi hiyo kabla.

*Dera na gauni.* Liishie juu ya kifundo cha mguu. Refu linakanyagwa.

*Kwa wanaume.* Msuli, kaptula pana, fulana za pamba, shati la vifungo mbele. Mwenye mkono uliopooza kwa kiharusi hawezi kuvaa fulana ya kubana shingo. Shati linamruhusu mhudumu kuingiza mkono mgonjwa kwanza, halafu ule mzima. Nguo za ndani ziwe mpya, kwa wote. Mitumba ya soko la Karume ni mizuri kwa sweta na mashati, lakini chupi na soksi nunua dukani.

*Ndala.* Soli yenye mikato, isiyoteleza, ikiwezekana yenye mkanda wa nyuma. Kandambili laini za mpira ulioisha mikato ndizo zinazoangusha watu bafuni.

*Pampasi za watu wazima.* Piga hesabu kabla hujaahidi. Mtu mmoja akitumia tatu kwa siku, kwa mwezi ni 90. Pakiti ya kumi inakwisha siku ya nne asubuhi. Kama hamwezi kuendelea, leteni mpira wa kutandika kitandani na vitambaa vya pamba vinavyofulika, vitasaidia kwa muda mrefu. Mkileta pampasi, zifuate kipimo cha nyonga. Kubwa inavuja, ndogo inachubua. Uliza pia kituo kinazitupaje.

*Vitu vidogo vya furaha.* Redio ndogo na betri za akiba (mechi ya Simba na Yanga husikilizwa na bweni zima). Bao na kete. Karata. Tasbihi na msala, rozari, Kurani au Biblia ya maandishi makubwa kwa anayeona. Kioo, chanuo la meno mapana, hina, marashi ya waridi, kofia ya mkono. Blanketi jepesi, kwa sababu usiku wa Juni na Julai unaotuburudisha sisi, mzee anatetemeka. Na kitu ambacho karibu hakuna anayekikumbuka: kile kipande cha mpira cha chini ya mkongojo. Kikilika, mkongojo unateleza, na kipya hakina gharama.

Usilete bila kuuliza: dawa yoyote, hata ya maumivu, dawa za mitishamba, ugoro na tambuu, soda, pipi na biskuti kwa mwenye kisukari, korosho au bisi za chumvi kwa mwenye presha, chakula kigumu kwa anayekwamwa kooni. Miwani pia. Ya kusomea inayouzwa barabarani inaweza isiwe ya macho yake; bora mumchangie apimwe.

5. Fua, andika majina, funga.

Kanga mpya ina wanga na inakwaruza. Ifueni na kuianika kabla. Kisha andikeni jina kwenye kila kitu. Kwenye nguo shoneni kwa uzi upande wa ndani, kwa sababu dobi la pamoja huchanganya kila kitu na maka peni hufifia. Kwenye kopo na mpini wa mswaki maka peni inatosha, ukiifunika na selotepu.

Msifunge kwenye mifuko ya plastiki. Ile ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata isingekuwa hivyo haifai, inachanika na inatelezesha mtu ikiwa sakafuni. Mpe fundi mabaki ya vitenge ashone mifuko yenye kamba, kila mmoja rangi yake, inayoning'inia kwenye kitanda. Asiyesoma atautambua wake kwa rangi, na mwenye macho hafifu atautambua kwa kuupapasa mkishona kifungo kimoja kikubwa.

6. Siku ya kugawa.

Mpeni mfawidhi nakala ya orodha, asaini, nanyi mtie jina kwenye kitabu cha wageni. Msiwapange wazee foleni juani. Msiwaketishe kusubiri hotuba. Wawili wawili ingieni vyumbani, mkabidhi kila mtu mfuko wake kwa jina lake, mfungue pamoja naye, mumwonyeshe kitu kimoja kimoja, na mtoe vyote kwa mikono miwili au mkono wa kulia.

Kuhusu picha: acheni simu mfukoni. Mtu akiwa kitandani, nusu amevaa, hawezi kusema hapana kwa mgeni aliyemletea kanga. Nchini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu ziko miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Kama wachangiaji wanataka ushahidi, wapigieni picha mifuko ikiwa mezani kabla ya safari, pamoja na risiti na orodha iliyosainiwa.

Jirani wa kitanda ambaye hamkumwandika atakuwepo. Huwa yupo. Bebeni mifuko mitatu ya akiba isiyo na jina.

7. Kaa.

Mkishagawa msiondoke. Saa mbili za kukaa zina thamani kuliko nusu ya vitu mlivyobeba. Muombe ruhusa umsuke bibi, hata mistari michache tu. Umpake hina. Mcheze bao na babu, na msimwachie ashinde, atagundua. Kucha za mikono loweka kwanza kwenye maji ya vuguvugu, ukiyapima kwa kiwiko, kisha kata taratibu. Kucha za miguu za mwenye kisukari usiziguse kabisa. Mguu huo huenda hauhisi maumivu, na kidonda kidogo kinaweza kufika kukatwa mguu, mwachie muuguzi.

Usiahidi siku ya kurudi usiyokuwa na uhakika nayo. Wapo watakaohesabu.

8. Rudi na daftari.

Baada ya wiki sita hadi nane pitia nini kimekwisha na nini hakijaguswa. Kisichoguswa muulize kwa nini. Mara nyingi ni kopo lisilofunguka au nguo inayobana.

Ukikwama

*Mzee anakataa zawadi.* Usimlazimishe. Mwachie mhudumu mfuko, wewe kaa uzungumze naye mambo mengine. Kupokea nguo ya ndani kutoka kwa kijana wa umri wa mjukuu ni aibu kwa wengine. Akikabidhiwa na mtu wa jinsia yake faraghani, mara nyingi anapokea.

*Anasema ameibiwa.* Inawezekana kweli, inawezekana amekificha na kusahau. Usimbishie, wala usimtuhumu mhudumu mbele ya watu. "Ngoja tutafute pamoja, bibi." Tazama chini ya godoro, ndani ya foronya, kwenye mfuko wa koti. Vikipotea vya watu wengi, ongea na mfawidhi mkiwa wawili tu.

*Anaomba pesa.* Kubalianeni jibu moja kabla hamjaingia. Sisi hatutoi taslimu. Tunaandika anachotaka kununua, kisha tunamwuliza mfawidhi.

*Anakuambia, "Nipeleke nyumbani."* Usimdanganye kwamba kesho utampeleka. Muulize nyumbani ni wapi, kulikuwa na miti gani, nani aliishi jirani. Akikutajia ndugu, mpelekee afisa ustawi habari hiyo. Usianze kutafuta familia peke yako, kuna sababu za zamani usizozijua.

*Ngozi imetoka vipele baada ya sabuni au mafuta yenu.* Asimamishe mara moja, mwite muuguzi, na ziondoeni kwa wote waliopewa aina hiyo.

*Wachangiaji wamepungua.* Punguzeni idadi ya wazee au vitu, msipunguze safari. Sabuni na mafuta kila baada ya miezi miwili kwa watu sita inawezekana hata kwa mshahara mdogo.

*Mmefika na mfuko, mwenyewe amefariki.* Hili litawakuta. Toeni pole kwa mwenzake wa kitanda cha jirani, kwa sababu yeye ndiye mfiwa pale na hakuna anayempa pole. Muulizeni mfawidhi kama kuna ndugu wa kupewa vitu vyake. Kama hakuna, na mfawidhi ameruhusu kanga na blanketi kupewa mwingine, kaeni kwanza na sindano mfumue jina lile uzi kwa uzi, mfue, mpige pasi, ndipo mshone jina jipya.